Kuonja Si Kula

Jumatatu, tarehe 2

Uji ukionyesha kidole chako chini ya bakuli, huo si uji, ni maji yaliyopita karibu na unga. Nimemwambia mkwe wangu hivyo hivyo, uso kwa uso, na kijiko nimekirudisha kwenye sinia kwa nguvu mpaka kikalia. "Wewe mwanamke, umeolewa nyumba ya wapishi, miaka yote hii hujajua kukoroga?"

Alilisogeza bakuli tena mbele yangu. "Daktari kasema uwe mwepesi, Mama. Kunywa kidogo kidogo."

Kidogo kidogo! Mimi niliyelisha watu wazima mpaka wakafungua mikanda.

Naandika kwa sababu mjukuu wangu kanipa daftari lililobaki kurasa. Kasema, "Bibi, ukitaka kugomba, gomba humu." Mtoto hana adabu kama mamake, lakini kalamu inaandika vizuri. Shule niliiachia darasa la nne na herufi zangu zinapanda mlima. Atakayecheka aandike zake.

Basi mambo yenyewe ni haya. Nimepasuliwa, nikapunguzwa tumbo. Si la nje, la ndani, lile linalopokea chakula. Wamelikata wakaniachia kipande chembamba kama ndizi. Sukari ilikuwa imepanda na magoti yamekataa kunibeba. Habari za upasuaji huo aliyezileta ni mkwe. Aliyezunguka hospitali ni mkwe. Aliyenishawishi ni mkwe. Jana nimerudi nyumbani nikidhani nitarudi mwembamba, kumbe nimeumuka kama unga uliotiwa hamira ukasahauliwa.

Mvua imeanza leo. Bati linapiga kelele kunishinda.

Jumanne, tarehe 3

Upepo nje, upepo ndani. Muuguzi aliniambia walinijaza hewa tumboni ili waone wanachokikata, na hewa hiyo hutoka taratibu, dawa yake ni kutembea. Nimetembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mkwe kanishika kwapa. Ilipotoka, mwanangu alikuwepo. Alijifanya anatazama mvua.

Alhamisi, tarehe 5

Chumba changu kiko nyuma ya jiko la mgahawa wetu. Ukuta kati yetu ni tofali mpaka kifuani, kuanzia hapo ni mbao tupu, na mbao zina nyufa. Kwa hiyo nalala na jiko. Najua vitunguu vikitiwa kabla mafuta hayajapata moto. Najua sufuria likishika chini. Nasikia hata wateja upande wa pili, fundi cherehani anavyovuta kamasi, kinyozi anavyosema uongo.

Wateja wananiita Bi Chumvi, na sikujipa jina hilo mwenyewe. Katika mgahawa huu hakuna sufuria linalotoka kabla sijatia tone katika kiganja changu na kulilamba. Mchuzi, maharage, wali, hata maji ya chai. Ndivyo tulivyopata jina. Sasa jiko liko kwa mkwe, akisaidiwa na mwenzangu wa zamani tunayemwita Njiti, maana anakula kama mchwa na hanenepi. Mungu ana ubaguzi wake.

"Maharage ya leo kayaonja nani?" nimeuliza kupitia nyufa.

"Mimi, Mama," mkwe kajibu.

"Na wewe una ulimi?"

Njiti kacheka. Mkwe nikamsikia akifunika sufuria.

Ijumaa, tarehe 6

Choo hakuna. Sina la kuandika.

Jumapili, tarehe 8

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Miguu imejaa, uso umejaa, tumbo limesimama kama la mjamzito, na vidonda vidogo vya kupasuliwa vimetapakaa kama vya aliyechomwa na cheche. Laiti ningebaki na magoti yangu mabovu. Goti likiuma unakaa chini, basi. Hili tumbo nikikaa linaniuma na nikilala linaniuma.

Mkwe kanipa masharti kama mlinzi wa jela. Nisinywe soda. Nisinywe maji huku nakula. Nisigugumie, maana nameza hewa. Wiki za kwanza ni vya kunywa tu, halafu vilivyopondwa, halafu laini, nyama mbele huko, mbali. Anakaa mbele yangu na kikombe kidogo mpaka nimalize. Ananikanda miguu, ananiogesha, anafuta vidonda kwa kitambaa safi. Anafanya yote bila kelele, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akikutendea wema kimya kimya hujui anawaza nini.

Jumatano, tarehe 11

Leo Njiti kagonga dirisha langu dogo la uani, mvua inamchuruzika. Upawa kauficha chini ya kanga.

"Bi Chumvi, fundi cherehani kasema mchuzi umepooza. Onja chumvi tu, unipe jibu, niondoke."

Nikatoa kiganja. Akamimina tone. Nikalamba.

Jamani! Ulimi wangu ulikuwa umekufa ukafufuka. Nikamwambia chumvi kidogo, na kitunguu hakijaiva. Akaenda. Baadaye nikamsikia fundi cherehani upande wa pili akisema, "Hapo sasa!"

Wala sikula. Kila mpishi analijua hili: kuonja si kula. Mimi miaka yote nilikuwa nikikaa kwenye kigoda jioni na kusema tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni, na nilisema kweli.

Alhamisi, tarehe 12

Uvimbe umepungua kidogo. Pete imepita kwenye kidole.

Jumamosi, tarehe 14

Njiti alikuwa akija kila siku. Leo mkwe kamkuta uani na upawa.

"Dada, unampelekea nini mtu aliyekatwa tumbo?"

"Chumvi tu, mdogo wangu."

"Hiyo chumvi tu ndiyo itakayomrudisha hospitali."

Nikafungua dirisha. "Mwache! Unaogopa nijue unavyoniharibia jiko?"

Mkwe kasimama mvuani, nywele zimemganda usoni. Akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto, "Mama, kama lazima uonje, basi onja uteme."

Niteme chakula! Mimi! Mbele ya Njiti! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mjukuu anajua kusoma.

Jumatatu, tarehe 16

Mvua. Uji. Mvua.

Jumatano, tarehe 18

Njiti sasa anapitia upande wa choo. Tumeelewana kugonga mara mbili.

Ijumaa, tarehe 20

Nimemwomba Njiti kipande cha nyama ya leo, nikaonja. Ngumu. Nimewaambia waiongeze moto.

Jumamosi, tarehe 21

Sijisikii vizuri. Hata maji yanasimama hapa kifuani kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Jumapili, tarehe 22

Uji haukupita. Umerudi. Mate nayo yanarudi. Tumbo limekaza, ukiligonga linalia kama ngoma. Mkwe anasema twende hospitali, nimekataa. Ni uji wake huo. Jana ulikuwa na harufu, nina hakika ulikuwa na harufu.

Ijumaa, tarehe 27

Naandika nikiwa hospitali. Mkono mmoja una sindano ya maji, mwingine ndio huu. Nitaandika yote, na nisipoyaandika leo nitayapamba.

Jumatatu mchana mgahawa ulikuwa umejaa, mvua imewafungia watu ndani. Mimi nilikuwa nimejikunja kitandani, maumivu yananipanda mpaka begani, jasho linanitoka. Mkwe kaingia na kikombe. Nikakipiga kwa mkono kikaruka ukutani. Nikapaza sauti. Sauti yangu ni ya mtu aliyezoea kuita kutoka jikoni mpaka barabarani, na zile mbao hazizuii kitu.

Nikasema, "Umetia nini kwenye uji wangu? Unataka nife urithi jiko? Jamani njooni, mwanamke huyu ananiua!"

Upande wa pili vijiko vilinyamaza. Vyote kwa pamoja. Miaka yote ya kupika sijawahi kusikia mgahawa uliojaa watu ukinyamaza vile. Halafu benchi likasukumwa, na mtu akatoka kwenda mvuani bila kumaliza chakula chake. Halafu mwingine.

Mwanangu, fundi wa pampu, alikuwa karakana ya jirani. Kaitwa, kaja na mikono ya grisi. Hakunitazama mimi kwanza, alimtazama mkewe.

"Umempa nini mama?"

"Nilichompa jana na juzi."

"Mbona kavimba hivi?"

"Muulize mama."

"Nakuuliza wewe! Mama yangu atajisingizia?"

Mkwe akaniangalia. Alikuwa anajua. Alijua habari za dirisha, alijua habari za Njiti, angeweza kusema hapo hapo, watu wakasikia. Alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nami nikageukia ukuta nikaugulia.

Akavua aproni, akaitundika msumarini karibu na mwiko. Akamshika mtoto mkono. Nikasikia viatu vyao kwenye maji ya uani, vya mkubwa na vya mdogo, mpaka mvua ikavimeza.

Mwanangu kanileta hapa kwa gari la jirani. Wameniteremshia mpira wenye kamera kooni. Nilipozinduka daktari alikuwa amesimama na kisahani.

"Bibi, ulikula nyama?"

"Sikula."

Akanionyesha. Kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimejaa nyuzi. Kilikuwa kimekwama pale tumbo lilipofanywa jembamba, na kila kitu hapo kimevimba na kuwa chekundu kukizunguka. Ndiyo maana maji hayakupita.

"Hiki nimekitoa ndani yako, Bibi."

"Nilionja tu."

"Kuonja kunaingilia wapi?"

"Mdomoni."

"Kukatokea wapi?"

Muuguzi kageuka upande akashika mdomo. Daktari hakucheka. Kasema mshono ungeachia, ningekuwa nimeshazikwa. Kasema, "Nashukuru aliyekuwa anakupa uji mwepesi. Angekupa mzito juu ya hiki tusingekuwa tunaongea." Kisha akauliza, "Ni nani? Nataka nimwambie namna ya kuendelea nawe."

Nikasema hayupo. Nikasema kasafiri.

Hata hapo nilidanganya.

Jumapili, tarehe 29

Muuguzi kasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia hiyo methali naijua kabla mama yako hajazaliwa. Akasema, "Sasa mbona hukuitumia?"

Nimelala nikitazama chupa ya maji inavyodondoka.

Jumatatu, tarehe 30

Nimerudi nyumbani. Nyufa za mbao hazileti harufu yoyote. Aproni iko msumarini pale pale. Mwanangu kanipikia uji una mabonge kama mawe ya mtoni, nikaunywa kimya, nikiyaacha mabonge chini. Mkewe alikuwa anauchuja kwa kitambaa. Nilikuwa nauona mwepesi. Sikujua kuwa ulikuwa umechujwa.

Njiti kaja, hakugonga dirisha safari hii, kapita mlangoni.

"Wateja wako wapi?" nimemuuliza.

"Fundi cherehani anakuja na chakula chake kutoka nyumbani. Kinyozi kahamia kwingine. Watu wanasema, Bi Chumvi."

"Wanasema nini?"

"Uliyoyasema wewe."

Jumatano, tarehe 1

Mvua kubwa. Sikutoka.

Ijumaa, tarehe 3

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu kaondoka, majuto yamebaki. Kitanda chake kiko pale, na soksi moja chini yake. Nimeiokota nikaifua.

Jioni nimemwita mwanangu. Nikamwambia kaa. Nikamwambia nyama niliila mimi, Njiti alinipa kwa sababu nilimwomba, mkewe alinikataza, na uji haukuwa na kitu zaidi ya unga na maji na chumvi.

Alikaa akikwangua grisi kwenye ukucha. Nilidhani atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mama, yale niliyomwambia mke wangu siku ile, unayajua?"

"Niliyasikia."

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

Akasimama. "Nimempigia simu kila siku. Anapokea, anampa mtoto, tunaongea na mtoto, simu inakatwa. Mimi sina uso wa kwenda kule kwao, Mama. Wewe je, unao?"

Mwanangu hajawahi kunisemesha hivyo tangu nimzae. Na sikumkemea.

Jumapili, tarehe 5

Nimekwenda. Jirani kanipeleka kwa gari mpaka barabara ilipoishia, kipande kilichobaki nimekikanyaga kwa miguu, matope mpaka kwenye kifundo, fimbo mkono mmoja na mwavuli mwingine. Nilijiambia njia nzima: mimi ni mkubwa, nikifika atanipokea, nitasema kidogo, ataelewa, tutarudi wote. Mkubwa hapigi magoti, mkubwa huinama kidogo tu.

Mamake mkwe kanifungulia. Tumewahi kucheka pamoja siku ya harusi, mimi na yeye. Leo kanikaribisha kiti kama anayemkaribisha karani wa sensa. Kaniletea glasi ya maji, imejaa mpaka mdomoni. Nikapiga funda dogo, nikaiweka.

"Hupendi maji yetu?" akauliza.

"Siwezi kunywa mengi kwa pamoja, dada. Tumbo."

"Ahaa. Nilidhani unaogopa tumetia kitu."

Niliimeza hiyo pia. Ilipita kwa shida zaidi kuliko ile nyama.

Mkwe akatokea kutoka jikoni, anafuta mikono. Kapungua kuliko mimi niliyekatwa. Nikasema nimekuja mwenyewe, na tumbo hili, na mvua hii. Nikasema ulimi hauna mfupa. Nikasema nilikuwa na maumivu. Nilisema mengi. Nikasikia mwenyewe kwamba kila neno nilikuwa nalizungusha, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

Akaniacha mpaka nimalize.

"Mama," akasema, "uliyasema mbele za watu. Ukiniomba radhi hapa kwa mama yangu, nani kasikia?"

"Unataka nikasimame barabarani?"

"Mimi sitaki kitu. Mimi ni mpishi. Umewahi kumwona mpishi aliyeambiwa anatia sumu akapata pa kupikia? Nimeomba kazi kantini ya shule. Wamenijibu watafikiria. Waliposema hivyo hawakunitazama usoni."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria nyumba yangu, jiko langu, mwanangu. Hilo la kwamba nimemkata mikono, sikulifikiria.

Nikainuka. Akaniangalia miguu, akakunja uso.

"Miguu imejaa tena. Unatembea kila siku?"

"Natembea."

"Uwongo. Maji je? Kidogo kidogo kutwa nzima, au unasahau halafu unagugumia?"

Hasira zote zile bado ananitazama miguu. Angenitukana ningerudi nyumbani na afadhali.

Mjukuu kanisindikiza mpaka mlangoni tu. "Bibi, umemaliza daftari?" Nikamwambia bado.

Jumatatu, tarehe 6

Tumbo limejaa gesi kutwa. Nimezunguka uani na mwavuli, kumi huku, kumi kule, mpaka Njiti akasema nitachimba mfereji. Bora.

Jumanne, tarehe 7

Nilimtuma Njiti tangu asubuhi. Nimemwambia amlete fundi cherehani, amlete kinyozi, amlete mwalimu mstaafu, na kila aliyekuwa na kijiko mkononi siku ile. Waambie Bi Chumvi anawaita, chakula hakuna, maneno yapo. Wamekuja wengi kuliko nilivyotaka. Watu hawakosi jambo la bure.

Nilisimama pale mbele ya meza, fimbo mkononi, gauni linaning'inia mabegani na kubana tumboni. Mwanangu kasimama mlangoni kwa nyuma, kaegemea mwimo.

"Mlisikia nikisema mkwe wangu ananiua," nikasema. "Sauti mliyoisikia ilikuwa yangu. Sasa isikieni tena, ni ile ile. Hakutia kitu. Nilikula nyama kwa siri, dirishani, kama paka. Yeye alinikataza nikamtukana. Ilinikwama, nikaona haya, nikamtupia yeye. Daktari kaitoa nikaiona kwa macho yangu."

Njiti akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Na upawa ulikuwa wangu."

Fundi cherehani akavuta kamasi. "Kumbe Bi Chumvi, mwizi ni ulimi wako mwenyewe?"

"Huo huo."

"Sasa nani atatuonjea?"

Watu wakacheka, kinyozi akapiga meza. Nami nilicheka kidogo, mshono ukanivuta. Lakini mwalimu mstaafu hakuja. Na mama mmoja auzaye vyombo, mteja wetu wa siku nyingi, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake, sikumwona akijali kama nasikia, "Familia ikishapatana husema lolote."

Nimewatupia watu neno moja nikiwa kitandani, likafika mtaa mzima kabla uji haujapoa. Hili la leo nimelisema nikiwa wima, na sijui kama limevuka barabara.

Alhamisi, tarehe 9

Amerudi. Mwanangu alimfuata jana, wakaongea huko huko, sijui nini na sitauliza. Kaingia jikoni moja kwa moja, akavaa aproni, akainusa, akaivua akaifua, akavaa nyingine. Mchana kaniletea uji. Umechujwa.

"Karibu, Bibi," kasema.

Bibi. Si Mama tena. Kama anavyoniita mtoto. Kama anavyoniita muuguzi. Nikasubiri labda baadaye. Jioni pia kasema Bibi.

Jumatatu, tarehe 13

Yai lililopondwa, vijiko vitatu. Lilipita. Pete inazunguka yenyewe kidoleni.

Alhamisi, tarehe 16

Nimetembea mpaka kwa fundi cherehani na kurudi, goti halikulalamika. Nimempelekea magauni apunguze. Kaniuliza apunguze kiasi gani. Nikamwambia acha nafasi, tumbo langu bado halijaamua.

Jumatano, tarehe 22

Nimeona jambo.

Sasa nakaa kutwa kwenye kigoda cha mlangoni mwa jiko, naona mpaka mbele. Saa ya chakula mkwe hutoa sufuria, lakini hapakui. Analibeba mpaka katikati ya mgahawa, analiweka juu ya meza. Anachota upawa mmoja. Anatia kwenye kikombe. Anakunywa wote, polepole, kila mtu akiona koo lake likipanda na kushuka. Halafu anasubiri kidogo. Halafu ndipo anapakua.

Hakuna aliyemwambia. Wateja wanajifanya wanaangalia simu. Fundi cherehani anaangalia viatu. Mchuzi, anafanya. Maharage, anafanya. Wali, anatafuna kijiko kizima amesimama. Na kesho yake hivyo hivyo.

Mimi nilionja maisha yangu yote kwa sababu nilijivunia ulimi. Yeye anaonja kama mshitakiwa. Huo ndio urithi niliompa, na nilikuwa nikipiga kelele kwamba anataka jiko.

Jumapili, tarehe 26

Manyunyu tu. Nimemwambia leo, tukiwa wawili, anachambua maharage.

"Acha kuonja mbele za watu."

"Nikiacha watasema."

"Nilishawaambia si kweli."

"Uliwaambia, Bibi. Wamesikia." Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Lakini mama auzaye vyombo hali mpaka anione nimemeza. Nimemwona. Kijiko kinamngoja hewani."

Nilitaka kumgombeza yule mama. Nilitaka kumgombeza mtu yeyote. Nikachukua nusu ya maharage nikachambua naye. Hakunizuia. Hapakuwa na tone la kuonja, ni maharage makavu, tukafanya kazi mpaka yakaisha.

Alhamisi, tarehe 30

Mvua imekatika. Uani kumekauka na nyayo zimebaki kwenye udongo, za kila mtu aliyepita. Nimezitazama zile za upande wa choo, za Njiti, mpaka chini ya dirisha langu.

Daktari jana kasema uvimbe umeisha na mshono umeshika, nile kidogo, laini, na nisisahau. Hawezi kujua ni mangapi nisiyoweza kusahau.

Daftari limebaki ukurasa huu. Nitaubandika jikoni, kila mmoja ausome, na asiyejua kusoma asomewe.

Kesho mwanangu atoe kigoda changu mlangoni mwa jiko, aniwekee kiti meza ya kwanza, pale kila aingiaye lazima anione. Bakuli la kwanza la kila sufuria ni langu, vijiko vitatu vilivyopondwa, kutoka mkononi mwa mkwe wangu, mbele ya watu wote, na mama auzaye vyombo akae karibu aone vizuri. Kesho, na kesho kutwa, na siku zote nitakazojaliwa. Wakitaka kuangalia koo, waangalie langu.

Njiti, lile dirisha lipigiliwe misumari. Wewe ndiye utakayepigilia.

Na wewe, mwanangu, mke wa mwanangu, onjea jikoni, nyuma ya pazia, mara moja tu, kiganjani, kama mwenye jiko. Ukinikuta natoa kiganja, nipige kofi juu yake. Mwiko uko msumarini, pale ulipotundika aproni yako siku ile. Uchukue.